Tembo Kavaa Soksi

Jua lilikuwa linazama fundi alipogundua kwamba uzi mweusi umemwishia, na suruali ya mwalimu bado haina pindo. Akavuka barabara kwenda kununua, akamwacha binti yake dukani na hesabu zake za shule. Binti huyo mtaa mzima walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo.

Aliporudi alimkuta Chiriku amenyamaza. Hilo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi.

"Mama, kuna mgeni. Amepiga hodi, nikamkaribisha."

Mgeni alikuwa ameketi kwenye stuli ya wateja, mikono mapajani. Mwanamke wa makamo, mwenye sura ile ambayo ukiulizwa kesho yake huwezi kuieleza. Mle dukani kulinuka kitambaa kilichoungua. Fundi akaigusa pasi haraka haraka. Ilikuwa ya baridi.

"Nataka gauni la mwanangu," mgeni akasema. Sauti yake ilikuwa chini sana, ikambidi fundi ainame.

"Mlete nimpime."

"Vipimo ninavyo." Akatoa simu. "Nitakurushia pamoja na programu yenyewe. Wewe unasema tu, inaandika. Mikono yako inabaki na kazi."

Hapo alimpata pabaya. Fundi alikuwa na mkono wa dhahabu, lakini vipimo aliviandika kwa chaki kwenye vipande vya vitambaa, na vipande hivyo vilipotea kila wiki. Mwezi uliopita tu alimkatia bwana mnene suruali ya mtu mwembamba, na yule bwana alipojaribu kuketi, mtaa ulisikia. Kwa hiyo hakujivunga. Alitoa simu yake kwenye mfuko wa aproni, na programu ikaingia.

Ikaanza kuomba. Iruhusu itumie kamera? Kubali. Iruhusu isikilize? Kubali. Ijue ulipo? Kubali. Ijue majina ya watu wako? Fundi alikuwa na pini mdomoni na suruali ya mwalimu begani, anabonyeza kama anayefukuza inzi. Ombi la mwisho lilikuwa refu kuliko mengine. Hakulisoma.

Kubali.

"Nitalifuata," mgeni akasema, akatoka.

Chiriku alikwenda mpaka mlangoni akachungulia. "Mama, mbona hakuuliza litakuwa tayari lini?"

Programu ile ilikuwa neema. Fundi anapima huku anasema, kiuno hiki, mkono huu, nayo inashika yote. Akaizoea. Akaanza kuiambia na mengine: imkumbushe vifungo, imkumbushe mboga, imkumbushe kumwita Chiriku aoge. Ikawa inakaa kwenye mfuko wa aproni tangu asubuhi mpaka kulala, na fundi akizungumza nayo kuliko alivyozungumza na majirani.

Aliyenuna ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Huyu walimwita Plasta, kwa kuwa alibandika kipande cha plasta ya kidonda juu ya kamera ya simu yake, na simu yenyewe aliijaza programu alizozichagua mwenyewe baada ya kuzichunguza kama mtu anayechagua mchumba. Hakuna aliyeweza kumtumia picha ikafunguka. Kinyozi wa duka la pili alipenda kumtania kwamba simu ya Plasta hata saa haikuonyeshi mpaka uandike barua ya maombi.

"Shemeji, hiyo programu imetoka wapi?" Plasta akauliza jioni moja barazani.

"Kwa mteja."

"Mteja gani? Anaitwa nani? Nani kaitengeneza?"

"Sasa shemeji, na wewe cherehani yangu unamjua aliyeitengeneza?"

Kinyozi akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwache mama wa watu. Mimi waniangalie tu, wataona nini? Upara?"

"Mimi sina cha kuficha," fundi akasema. "Maisha yangu ni uzi na sindano. Wakisikiliza watasinzia."

Plasta hakucheka. "Kikulacho ki nguoni mwako, shemeji. Na wewe umekitia kwenye aproni kabisa."

Walimcheka. Siku ya pili yake Chiriku aliingia dukani anakimbia, mikono ina povu la sabuni. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya duka, katikati pana ua mdogo wenye kamba za nguo na geti la bati linaloelekea uchochoroni.

"Abee, mama."

"Abee ya nini?"

"Si umeniita?"

"Sijakuita."

"Umeniita. Pale getini." Chiriku akamtazama mama yake, kisha akautazama mlango aliotokea. "Umeniita mara nyingi."

Fundi akampangusa povu, akamwambia ni mwangwi, arudi akaoge. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi. Lakini ile harufu ilikuwa imerudi… kitambaa kinachoungua, taratibu… na pasi ilikuwa juu ya rafu, waya umezungushwa.

Ikatokea tena. Na tena. Daima magharibi, daima getini. Chiriku akaacha kuitikia akiwa mbali. Akawa anakuja kwanza kumtazama mama yake mdomoni.

Gauni la mgeni likakamilika. Lilikuwa la bluu, kola nyeupe. Fundi alilishona kwa vipimo vilivyosomwa na simu, na kama kawaida yake kwa nguo za watoto, akamwita Chiriku alivae ili auone upindo ukiwa mwilini. Watoto wote wa mtaa nguo zao zilipitia kwa Chiriku. Kwa huyu zilibana, kwa yule zilipwaya.

Hili lilimkaa.

Lilimkaa kiunoni. Lilimkaa mikononi. Fundi akapiga magoti na pini mdomoni, akatafuta pa kurekebisha, asipaone. Akapanda na vidole mpaka mabegani, na vidole vikasita.

Chiriku aliwahi kuanguka akavunjika mtulinga, na tangu hapo bega lake la kushoto lilikaa chini kidogo kuliko la kulia. Kidogo tu. Asiyemshonea asingelijua. Na gauni hili la mtoto wa mtu mwingine lilikuwa na bega la kushoto chini. Kidogo tu. Ndivyo simu ilivyosoma, na yeye akakata bila kuwaza, kwa kuwa watu wenye mabega ya kupishana ni wengi.

"Vua," akasema.

"Zuri, mama. Kwani ni la nani?"

"Vua nimesema!"

Pini zikamwagika sakafuni. Akachukua simu, akabonyeza vipimo vya gauni la bluu visomwe tena. Siku zote vilisomwa kwa sauti kavu isiyo ya mtu. Safari hii vilisomwa kwa sauti yake mwenyewe, hata ule ukwaruzo wa mtu mwenye pini mdomoni umo.

"Bega la kushoto… lishuke kidogo. Mwanangu aliumia."

Plasta alikuja mbio. Akaifuta ile programu, ikarudi. Akaisafisha simu nzima, ikawa kama imetoka dukani, ikarudi. Mwisho fundi aliinyakua mikononi mwake akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akaishikilia humo chini kama anamzamisha panya. Mapovu yalitoka. Yaliendelea kutoka kwa muda mrefu kuliko inavyopasa simu kutoa mapovu.

"Nini kile nilichokikubali, shemeji?" akanong'ona. "Kile cha mwisho?"

Plasta aliitazama ndoo. "Mara nyingi huwa wanaomba jicho," akasema. "Au masikio. Wewe nahisi wamekuomba na ulimi."

Fundi akalia. Alilia waziwazi, bila kujificha, kwa hofu na kwa hasira ya kujijua ni mjinga. Chiriku ndiye aliyebaki kwake. Baba yake alikwishatangulia, ndugu wako mbali. Akichukuliwa huyu, hiyo cherehani angeishonea nini?

Plasta akawakalisha wote watatu jikoni, milango imefungwa. Akasema kwa minong'ono. Kuanzia leo pawe na neno. Mama akimwita mtoto, lazima alitaje neno hilo. Bila neno, Chiriku asitoke, hata akisikia mama yake analia.

"Chagua wewe, Chiriku. Neno ambalo hakuna mtu angelifikiria."

Chiriku akafikiri. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze, akacheka. "Tembo kavaa soksi."

"Tembo kavaa soksi," mama akanong'ona.

"Tembo kavaa soksi," Plasta akanong'ona, na kugonga kifua chake kama mtu anayefunga kufuli. Aligonga mfuko wa shati. Ndani ya mfuko huo ilikuwamo simu yake, na plasta yake juu ya jicho.

Jicho alikuwa ameliziba vizuri sana. Masikio yalikuwa wazi.

Siku chache zikapita salama. Gauni la bluu fundi alitaka kulichoma, lakini alipolitafuta juu ya rafu hakulikuta.

Kisha ikaja ile jioni. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima na mbingu ilikuwa bado na mwanga kidogo. Fundi alikuwa dukani anafunga madirisha. Chiriku alikuwa ndani ya nyumba.

Geti la bati likalia. Kwa… kwaa…

"Chiriku."

Fundi akaganda. Ilikuwa sauti yake. Ilimtoka mtu mwingine, upande wa pili wa ua, tamu, yenye uchovu wa jioni, kama anavyoita siku zote.

"Chiriku, njoo mwanangu."

*Hatoki*, fundi akajiambia. *Yule hana neno, mwanangu hatoki.* Ndani ya nyumba palikuwa kimya. Mtoto mwenye akili. Mtoto anayesikia la mkuu.

Kisha sauti ile ikacheka kidogo, kama mtu aliyejikumbusha kitu.

"Tembo kavaa soksi."

Mlango wa nyumba ukafunguliwa.

Fundi alitoka mbio akakanyaga mkasi, hakusikia maumivu. Alipofika uani Chiriku alikuwa katikati, kati ya kamba za nguo, miguu mitupu. Alikuwa amevaa gauni la bluu, lile lililopotea rafuni. Anatembea kuelekea getini, ambako alisimama mtu. Giza lilimficha uso. Lakini fundi aliiona aproni. Aliiona futi ya kupimia shingoni. Aliyaona yale mabega ya kuinama, mabega ya mtu aliyezeeka juu ya cherehani, ambayo yeye huyaona kwenye kioo kila asubuhi.

"Chiriku!" akapiga ukelele. "Mimi hapa! Tembo kavaa soksi!"

Mtoto akasimama. Akageuka akamtazama. Akageuka akalitazama geti.

"Yule naye amesema hivyohivyo," akasema.

"Mimi ndiye mama yako!"

"Mimi ndiye mama yako," geti likasema.

"Nilikubeba ulipovunjika mtulinga, nikakimbia na wewe mpaka…"

"…mpaka hospitali, kiatu kimoja kikabaki njiani," sauti ikamalizia, taratibu, bila kuhema. "Ukalia kwa ajili ya kiatu."

Ilikuwa kweli. Aliisimulia siku moja akipiga pasi, peke yake, na simu mfukoni. Fundi akatafuta kichwani. Wimbo wa kumlaza? Aliuimba dukani. Jina la utani la uchangani? Alilitaja. Kila kitu cha mapenzi alichokuwa nacho alikwishakisema, na kila alichokisema kilikuwa sasa kimesimama pale getini, na futi shingoni. Chiriku akapiga hatua. Si kwake.

Hapo fundi akafumba mdomo.

Akapiga magoti kwenye udongo. Akafungua mikono. Hakusema kitu. Ule mdomo ulimwasha, jina la mwanawe lilimjaa mpaka kwenye meno, naye akaumeza kila wito. Machozi yalimtiririka, hata kwikwi hakuitoa.

"Chiriku, njoo," geti likasema. "Chiriku. Chiriku. Njoo kwa mama. Tembo kavaa soksi. Chiriku…"

Mtoto alisikiliza. Halafu akauacha ule upande wenye maneno, akaja. Kwanza polepole, kisha mbio, akajitupa kifuani kwa mama yake, na fundi akalishika gauni lile la bluu mgongoni akalichana mpaka chini.

Waliporudisha macho, kule getini sauti ilikuwa imekatika. Yule mtu alikuwa bado yupo. Alikuwa amepiga magoti kwenye udongo. Amefungua mikono. Hasemi kitu.

Walikimbilia ndani.

Plasta aliitupa simu yake mtoni siku iliyofuata, na tangu hapo hataniwi tena. Hata kinyozi amebandika plasta. Fundi amerudia chaki na vipande vya vitambaa, na wateja wanavaa zinazobana, wanavumilia. Mwanawe hamwiti tena. Anamfuata alipo, anamgusa bega la kushoto. Mtaa unasema yule mama siku hizi ana kiburi, haongei. Na geti la bati limeng'olewa, pamejengwa ukuta. Hakuna aliyesikia kuitwa tena.

Lakini juzi, magharibi, walikuwa wawili dukani na mlango umefungwa. Fundi alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Akamwona Chiriku ameinua kichwa kutoka kwenye daftari lake, ameutazama mlango kwa muda. Kisha mtoto akainamia viatu vyake, akaanza kuvivaa.

Fundi akamgusa bega. Akamuuliza kwa macho: wapi?

"Mama," Chiriku akanong'ona, "kuna mtu ananinyamazia nje."