Chumba cha Makoti Meupe

Makambako ni mji wa magari. Asubuhi unasikia injini kabla ya jogoo. Mzee Zubeiri alikuwa na lori la kubebea mbao na viazi, na alilitunza kuliko watu wengine wanavyotunza ndugu zao. Siku hiyo baridi ya mwezi wa saba ilikuwa kali. Mkewe, Rehana, alikuwa anakaanga maandazi. Binti yao, Hajira, alikuwa amejikunyata karibu na jiko la mkaa.

Hajira alikuwa amerudi likizo. Alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza wa digrii ya sayansi kwenye chuo kikuu cha mbali. Moyo wake haukuwa huko. Alitaka famasia, asomee dawa. Kidato cha sita alifaulu vizuri, lakini walioomba famasia walikuwa wengi, naye akakosa nafasi. Sasa alitaka kuhamia chuo kingine.

"Baba, wale wa Chuo cha Lihanje, kule Njombe, wamenipigia simu," alisema. "Wananipokea."

"Famasia?"

"Wamesema niingie kwanza na sayansi. Famasia nitaomba nikiwa ndani."

Zubeiri akapiga paja. "Si ndiyo hiyo! Hata sisi, mzigo huupati ukiwa barabarani. Unaingiza gari yadini kwanza, pale mizigo inapopakiwa. Ukishakuwa ndani, mzigo unakukuta."

Rehana akageuza andazi. "Na usipomkuta?"

"Mke wangu, usitutie mkosi asubuhi yote hii!"

Hajira alicheka tu. Nawaambia, mtu akitaka jambo sana huwa haulizi maswali. Anaogopa majibu.

Kesho yake Zubeiri alikuwa na safari ya kufuata mbao Njombe. Akamchukua binti yake wakakione chuo. Walipofika, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini. Majengo ya chuo yalikuwa juu ya kilima, lakini huwezi kuyaona mpaka ukaribie kuyagonga kwa pua. Mlinzi aliandika jina la Hajira na sababu ya kuja: kuhamia.

"Wewe ni wa famasia?" aliuliza. "Bweni lile la mwisho. Wanakusubiri."

"Nani ananisubiri? Sijamwambia mtu kama nakuja."

Mlinzi alikuwa ameshageuka. Zubeiri akabaki getini na lori lake.

Ndani ya bweni kulikuwa kimya. Hajira alisikia pasi tu, ikipanda na kushuka juu ya nguo. Akaufuata mlio huo mpaka mlango uliokuwa wazi.

Kulikuwa na wasichana watano. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya masomo, lakini wanne walikuwa wamekaa vitandani, na mmoja alikuwa anapiga pasi. Wote walivaa makoti meupe ya maabara, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Wote walitazama dirishani. Kitanda cha sita kilikuwa kitupu, kimetandikwa vizuri. Ukutani juu yake lilining'inia koti moja.

"Karibu," alisema msichana mwenye pasi. "Mimi ni Beatrisi. Kitanda chako ni kile."

Hajira akafurahi. "Kumbe nyinyi mnasoma famasia!"

Beatrisi akaisimamisha pasi.

"Bado," alisema Beatrisi taratibu. "Majina ya watakaohamishiwa famasia hayajatoka."

"Sasa makoti haya?"

"Tulinunua mapema. Wenzetu wakienda maabara, na sisi tunavaa. Majina yakitoka yatukute tayari."

Wakati huo wanafunzi wa famasia walipita chini ya dirisha, wamefuatana. Hakuna aliyeinua macho. Wasichana watano wakageuza shingo pamoja, wakawatazama mpaka ukungu ukawameza. Hajira akahisi nywele zinasimama.

"Uko mwaka wa ngapi, dada?" aliuliza.

"Wa tatu."

"Wa tatu! Unasoma nini?"

Beatrisi akafikiri kidogo. Ungedhani ameulizwa habari za mtu asiyemjua. "Sayansi. Sijui. Mambo ya kupita tu."

"Hakuna aliyewahi kupata?"

"Yupo. Hyasinta." Alilitaja jina hilo kwa sauti ya chini, kama la marehemu. "Wa famasia wanalala jengo jingine. Hatujamwona tena."

"Na mwenye koti hili?"

"Alirudi kwao Makete. Hakuaga. Hebu lijaribu."

Hajira hakutaka. Lakini mikono ilikuwa imeshampokea mkoba, na mikono mingine ikamvalisha. Koti lilimkaa sawasawa, mabega na mikono. Lilikuwa halijawahi kuingia maabara, ila kola yake ilikuwa inang'aa kwa kupigwa pasi. Wakamfunga vifungo. Wakasogea, wakamwachia nafasi dirishani.

"Kaa hapa," alisema Beatrisi kwa upole. "Utazoea."

Hajira akakaa. Palikuwa na joto kati yao. Kwa kitambo kidogo aliona ni vizuri, akae tu, asubiri, asiulize. Jamani, hapo ndipo alipoogopa kweli. Akanyakua mkoba wake, akakimbia.

Zubeiri alimwona akitokea kwenye ukungu. "Ehee! Mfamasia wangu huyo!"

"Baba, nivue!" Hajira alilia. Alivuta vifungo, asiweze kufungua hata kimoja. "Nivue hili koti, baba, nakuomba!"

Zubeiri alimvua, akampa mlinzi lile koti. Njia nzima ya kurudi hakuwasha redio.

Nyumbani Rehana alisikiliza yote, kisha akavuka uwanja kumwita jirani yao. Mama Dorosela ni mtu wa Uwemba. Alifanya kazi miaka mingi kwenye ofisi ya udahili ya chuo kikuu, yaani ofisi inayopokea wanafunzi. Sasa amestaafu, anafuga kuku.

"Kamwene, mama," Hajira alimsalimia kwa Kibena, kama alivyozoea.

"Kamwene, mwanangu. Umekonda kwa siku moja! Kaa nikuambie. Chuo kukupokea ni jambo moja. Kozi kukupokea ni jambo jingine."

"Lakini mama Dorosela," alisema Zubeiri, "akishakuwa ndani..."

"Baba Hajira, yadini magari yanatoka kila saa, mengine yanaingia. Darasa la famasia lina viti. Aliyekaa hatoki mpaka amalize. Huyu atakaa wapi?"

Zubeiri akakuna kichwa.

"Sasa nifanye nini?" aliuliza Hajira.

"Uliza kabla hujahama. Mwaka jana waliohamia famasia walikuwa wangapi, na walioomba walikuwa wangapi? Wanataka alama gani? Masomo uliyofaulu yatahesabiwa, au utaanza upya? Wakujibu kwa maandishi. Na usiache chuo chako cha sasa mpaka uhamisho umekubaliwa na kuthibitishwa. Ukiachia tawi kabla hujashika jingine, utaanguka."

"Basi?"

"Bado moja. Hili jiulize mwenyewe. Nikikosa famasia hapo, kozi nitakayobaki nayo naitaka? Kama huitaki, chuo hicho si chako."

Hajira aliandikia vyuo vitatu. Lihanje walijibu kwa simu: "Njoo kwanza." Hakwenda. Chuo cha pili kilisema famasia hakipokei wahamiaji kabisa. Alilia, kisha akanawa uso. Chuo cha tatu kilieleza kila kitu: viti ni vichache, alama ni hizi, na jibu atapewa kabla hajahama. Chuo hicho kilifundisha pia kemia, somo alilolipenda tangu sekondari. Akaomba famasia kwanza, na kemia ya pili.

Famasia alikosa. Kemia wakampokea. Masomo yake yakahesabiwa, akaingia mwaka wa pili bila kupoteza hata muhula.

"Kemia ndiyo nini?" aliuliza Zubeiri.

"Baba, nikimaliza naweza kupima kama dawa ni dawa kweli."

"Sasa si bora zaidi! Wenzako watauza, wewe utawakagua!"

Hajira hakuweza kuwasahau wale wasichana. Aliomba namba ya Beatrisi kwa wale waliompigia kutoka Lihanje, akamtumia maswali yote ya mama Dorosela. Wiki zikapita, kimya. Asubuhi moja simu ikaita.

"Nimekwenda ofisini, nimeuliza," alisema Beatrisi.

"Wamesemaje?"

"Hapana. Alama zangu hazifiki. Hazikuwahi kufika."

"Pole sana, dada."

"Usinipe pole. Miaka yote hii, leo ndiyo mara ya kwanza kujibiwa. Usiku nimelala usingizi mpaka asubuhi."

Kwenye simu, nyuma ya Beatrisi, Hajira alisikia mlango unafunguliwa, kisha nyayo za watu wanashuka ngazi kwa haraka.

"Nani hao?"

"Wenzangu," alisema Beatrisi. "Wanakwenda kuuliza."