Mtumishi Aliyefunguliwa Macho

Siku ya kwanza vijiti vya kulia chakula vilikutwa vimesimama wima katikati ya bakuli la wali la Su-yun, na mama yake akadhani ni utani wa mtu asiye na adabu. Akavichomoa haraka, akaumwaga ule wali, akauliza kwa sauti nani kafanya ukorofi ule, ingawa ghorofani walikuwa yeye na binti yake tu. Kwetu mjini Tainan wali wa namna hiyo huandaliwa maiti. Mtu mwenye akili zake hawezi kumfanyia hivyo aliye hai, hata awe amelewa chakari.

"A-yun, ni wewe?" akamwita kwa jina lake la utotoni.

"Jamani Mama, ndiyo kwanza naamka!"

"Basi ni mimi, nimeanza kuzeeka vibaya," mama akasema, akaosha bakuli mara mbili.

Duka langu linatazamana na mlango wao, na nimewajua tangu marehemu baba yake Su-yun yuko hai. Kazi ya ukoo wao ni karatasi. Wanatengeneza nyumba za karatasi, magari ya karatasi na watumishi wa karatasi, vitu vya kuchomwa moto ili vimfuate marehemu asiishi kwa tabu huko aliko. Baba alipofariki, karakana ya chini ilibaki kwa kaka yake, baba mkubwa Khun, mzee mkali mwenye meno mekundu kwa tambuu. Lakini aliyerithi mkono wa marehemu ni Su-yun. Alikuwa akikunja karatasi ikawa kidole, kucha na yote, mpaka wateja wakaguna kwa mshangao.

Kisha, akiwa na miaka ishirini na sita, akapatwa na lupus, maradhi ambayo mwili unajipiga vita wenyewe. Viungo vikavimba, jua likamkataa, na usoni likaja lile baka jekundu lenye umbo la kipepeo. Miaka minane sasa alikuwa anaishi ghorofani, madirisha yamefungwa mchana kutwa, na zipo siku hata kifungo cha nguo alifungwa na mama yake. Alichobaki nacho ni simu. Humo mlikuwa na kundi la wagonjwa wenzake, wanajiita Vipepeo, na siku vidole vikikubali alitengeneza kijitumishi cha karatasi, urefu wa shubiri moja, akakipiga picha akawaonyesha. Picha hizo ndizo zilimfanya ajione bado ni mtu.

Sasa, kazi hii ina mwiko mmoja ambao hata sisi majirani tunaujua. Mtumishi wa karatasi hapewi macho mpaka jina la marehemu atakayemhudumia liwe limebandikwa mgongoni. Macho yanafunguliwa mwisho kabisa, halafu moto. Kwa hiyo vijitumishi vya Su-yun vyote vilikuwa na nyuso tupu.

Kulikuwa na msichana kwenye kundi, Pei-hua wa mji wa Hualien, anayeugua kwa mwaka wa sita, mwenye maneno mengi. Akamwandikia, "Dada, huyu kapendeza ila ananitisha! Mpe macho basi, na yeye atuone."

Su-yun akacheka. Akachukua kalamu ya kawaida, ya dukani, wala si ile brashi ambayo baba mkubwa hufungulia macho, akamtia nukta mbili. Alijiambia kwamba kalamu ya dukani haivunji mwiko. Na kwa kuwa Pei-hua alizidi kuomba naye awe na wake, akachora kiolezo kizima, macho yakiwemo, akakiweka kwenye kundi ili kila Kipepeo achapishe, akate, akunje wake mwenyewe. Kesho yake ndiyo asubuhi ya vile vijiti.

Na asubuhi hiyohiyo, mikono yake haikuuma.

"Mama! Mama, njoo uone! Nimefungua chupa!"

Mama akalia, akamkumbatia. Nani asingelia? Su-yun akashinda anakunja karatasi tangu chai mpaka magharibi, akatengeneza bustani nzima, na samaki kwenye bwawa, magamba moja moja. Kesho yake tena, na keshokutwa. Kijitumishi alimweka kwenye rafu juu ya kitanda, akawa anamwita mleta bahati wake. Wali ukawa unakutwa na vijiti wima kila siku, mama anavichomoa kimyakimya asimharibie binti furaha, na mimi huku dukani nasikia kicheko ambacho sikukisikia miaka minane. Nilifurahi pia, sikatai.

Kisha Su-yun akaanza kusema chakula hakina ladha. Ubani uliokuwa unafukizwa chini haunusi. Siku ya tano alijimwagia chai ya moto mkononi na hakujua mpaka alipoona lengelenge limevimba.

"Hukusikia?" mama akanong'ona.

"Si afadhali, Mama? Nimesikia vya kutosha maishani."

Siku ya saba, kama alivyonisimulia mwenyewe baadaye, mchana, saa ile ya joto ambayo mtaa mzima unalala, Su-yun alikuwa amejilaza chali chumbani, madirisha yamefungwa. Akasikia kitu kama karatasi inaburuzwa sakafuni. Chwa. Kimya. Chwa. Ikaja harufu ya gundi mbichi na majivu, naye aliyekuwa hanusi kitu aliinusa hiyo. Akataka kugeuza shingo, shingo ikagoma. Akasikia maji yanakamuliwa kutoka kwenye kitambaa, matone yanaangukia beseni, na kwa pembe ya jicho akaona mkono wake mwenyewe unanyanyuka bila yeye kuunyanyua, umeshikwa na kitu cheupe kisicho na uzito, na kitambaa kikapita kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, polepole na kwa heshima, vilevile alivyoona baba yake akioshwa siku walipomwandaa kwa mazishi, na yeye akalia moyoni kumwita Mama aliyekuwa chumba cha pili akikoroma, na sauti haikutoka, na mkono wa pili nao ukanyanyuliwa, na juu yake zikainama zile nukta mbili nyeusi zikimtazama bila ubaya wowote.

Mama alipoingia saa tisa alikuta kitanda kimegeuzwa, miguu ya binti yake inaelekea mlangoni. Kwetu ni maiti ndiye anayelazwa hivyo. Kijitumishi yuko kwenye rafu, mikunjo ya mikono yake imelowa maji.

Mama akaita kwa kelele, na baba mkubwa Khun akapanda ngazi anatukana. Alipoona rafu, akaacha. Akatema tambuu kiganjani, akakaa kitako sakafuni.

"Nani kamfungua macho?"

"Mimi, baba mkubwa. Kwa kalamu tu."

"Mgongoni kuna jina?"

"Hakuna."

"Wewe mtoto wa marehemu, unajua kazi kuliko wanangu, ukafanya hivi?" Akashusha sauti mpaka mama ikabidi asogee. "Huyu hana ubaya, na hilo ndilo linalonitisha. Ni mtumishi. Kazi yake kumhudumia maiti. Kafumbua macho, katafuta maiti wake, hakumwona. Basi anamtengeneza."

"Lakini mikono yangu haiumi."

"Maiti haumwi."

"Nikimchoma, maumivu yatarudi?"

Mzee akamjibu. "Yatarudi yote."

Su-yun akamchukua kijitumishi, akamkumbatia kifuani. "Basi simchomi! Baba mkubwa, hujawahi kufungwa vifungo na mama yako ukiwa na miaka thelathini na nne. Hujui. Niacheni na siku zangu hizi, hata zikiwa chache. Niacheni nitengeneze!"

Alikuwa anatazama ukutani kwa hasira, na alipogeuka alimkuta mama yake amepiga magoti kando ya kitanda analia, mkono wa Su-yun ameukumbatia kwa mikono yake yote miwili, amelaza shavu juu yake, machozi yanachuruzika katikati ya vidole.

"Mama, umenishika tangu lini?"

"Tangu nilipoingia, mwanangu."

Su-yun hakuwa anasikia chochote mkononi. Wala joto, wala maji, wala uzito. Akautazama mkono ule kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Mchomeni," akasema.

Saa kumi jioni waliwasha moto kwenye pipa la chuma mbele ya mlango wao. Niliwaona, Su-yun chini ya mwavuli mweusi. Baba mkubwa aliandika jina la ndugu yake kwenye karatasi, akalibandika mgongoni mwa kijitumishi. "Bwana wako ni huyu," akamwambia, kwa adabu kabisa. "Nenda kwake, umtumikie vizuri. Huyu binti si wako." Karatasi ikajikunja motoni, na nukta mbili ndizo zilizokuwa za mwisho kuungua.

Maumivu yakarudi kuanzia kidole kidogo. Su-yun akapiga yowe, mwavuli ukaanguka. Usiku mama akamlisha uji kwa kijiko, naye akala analia na kucheka.

"Mama, umezidisha chumvi."

"Nitazidisha na kesho," mama akasema, akajifuta macho.

Ndipo Su-yun akakumbuka kile kiolezo.

Aliomba simu ifunguliwe. Waliokichukua walikuwa mia mbili na kumi na saba, na ujumbe chungu nzima. Dada, leo nimepika mwenyewe. Dada, nimemsuka mwanangu. Dada, Mungu akuweke. Katikati mmoja ameuliza, kwa utani, nani anamsimamishia vijiti kwenye wali. Vidole vilikuwa vimevimba, havigusi herufi, kwa hiyo Su-yun alirekodi sauti: wachomeni, nawaomba, andikeni jina la marehemu yeyote wa kwenu mgongoni, muwachome leo leo. Wengi walisikiliza wakanyamaza. Mmoja akaandika kwamba amechoka kusikia watu wenye wivu.

Pei-hua alijibu. "Dada, nimekusikia. Ila leo nimefunga vifungo vyangu mwenyewe, vyote, baada ya miaka sita. Niache wiki moja tu, nitamchoma." Akaambatanisha picha. Ameshika kola ya blauzi anacheka, na nyuma yake kitanda kimegeuzwa, upande wa miguu ukielekea mlangoni.

"Mama, piga," Su-yun akasema. "Piga hiyo namba."

Simu iliita muda mrefu, kisha ikapokelewa. Kilichosikika ni maji yanakamuliwa kutoka kwenye kitambaa, matone yanaangukia beseni, na baada ya hapo, chwa, karatasi sakafuni.