Sekunde Ishirini za Ofelia

Kwanza Eulalio alidhani ni uchafu kwenye lenzi. Pembeni mwa picha, chini ya anga lililojaa nyota, palikuwa na doa jeusi lenye umbo la mtu. Akafuta kioo, akapiga tena. Doa likawa limesogea.

Na mzee huyu, jamani, kazi yake aliijua! Pale Cañada Seca, kijiji cha jangwani huko New Mexico, Marekani, hakuna taa za barabarani. Nyota alizipiga picha kwa lenzi pana, tundu la kuingizia mwanga wazi mpaka mwisho, fokasi ameibana kwa selotepu isiteleze, shata, kile kifuniko cha ndani ya kamera, wazi sekunde ishirini. Mbele alimsimamisha mkewe, Ofelia, ili anga lionekane ukubwa wake. Anayetikisika hufutika pichani, kwa hiyo alikuwa akimpigia kelele, "Simama! Usipumue!"

"Siku moja utaniua, mzee wewe," Ofelia anajibu, na wote wanacheka.

Figo ndizo zilizomuua, majira ya baridi. Eulalio akarudi jangwani peke yake, na kwa mazoea tu, kabla ya kubonyeza, akaliambia giza, "Simama, usipumue." Kitu kikatii.

Picha baada ya picha kikaja karibu. Kikaota mabega, kikavaa shali la Ofelia. Uso ulikuwa umevutwa upande, kama lenzi pana inavyovuta vitu vya pembeni. Nyumbani, binti yao Ramona akaanza kusikia harufu ya majivu yaliyolowa.

"Baba, huyo si Mama," alinong'ona akizitazama picha.

"Nyamaza. Shali lake hulioni?"

"Shali hilo tulimzika nalo, Baba."

Ramona akamwita Bi Hermelinda, mganga wa kijiji. Bibi akampitishia Eulalio yai mwili mzima livute ubaya uliomwandama, akalivunja kwenye glasi. Likatoka jeusi.

"Ulimwita nani?"

"Sikumwita mtu. Nilimzoea tu mke wangu, Bibi."

"Basi kitakuja mpaka mlangoni. Ukiambie kwa kinywa chako: wewe si Ofelia, nenda. Ukikikaribisha, mimi sina dawa."

Usiku ule wakakaa watatu jikoni, na kokoto za uani zikaanza kulia polepole, hatua moja, kisha kimya, kisha nyingine, mbwa akajikunyata chini ya meza akijikojolea, harufu ya majivu ikapenya chini ya mlango mpaka ikafunika moshi wa dawa wa Bi Hermelinda, na kitasa kikatikisika kidogo, halafu sauti ikasema, sauti ileile ya Ofelia ya siku za hospitali, "Mzee, nimechoka kusimama."

"Sema!" Bi Hermelinda akamhimiza kwa kunong'ona.

Eulalio akafungua kinywa. Machozi yakamtoka. "Baba, nakuomba," Ramona akasema, "nimebaki na wewe tu."

Akamtazama binti yake, akamtazama kweli. Kisha akafungua mlango. "Ingia, mke wangu. Baridi hiyo."

Bi Hermelinda akamkokota Ramona kwa mlango wa nyuma. Walipofika barabarani, kutoka jikoni wakasikia Eulalio anacheka, kicheko cha tumboni, ambacho Ramona alikuwa akimwomba Mungu akisikie tena tangu siku ya mazishi.

"Ramona! Mwanangu, njoo umsalimie mama yako!"

Ramona akasimama pale akilia kwa kwikwi. Hakurudi.