Aliyefunga Mikanda

Juu ya tela gari lilikuwa limeinama upande wa kushoto, kidogo tu, kama gari linavyoinama mtu mnene akishakaa. Ndani hamkuwa na mtu. Dereva akakagua springi, akapiga magurudumu teke, akaona yote mazima. Akasema moyoni, uzee huo.

Lilikuwa gari la mbio la zamani, jekundu, viti viwili, fupi kama kiatu. Mwenyewe ni kaka yake, mtu wa kununua vitu ambavyo watu wazima hutazama wakapita. Sasa alidai kuna mnunuzi, mwendo wa siku mbili, na kwa kuwa mdogo wake ana lori na tela, basi alipeleke yeye.

"Kaka, shika mkanda huo wa nyuma tukaze."

"Funga mwenyewe, mdogo wangu. Mimi mgongo."

Mgongo! Juzi tu alihamisha kabati peke yake. Lakini dereva alizoea kutii. Tena katika kazi yake sheria ni moja: aliyefunga mikanda ndiye mwenye mzigo mpaka ushuke. Akalisogeza gari mbele kidogo ili tela lisiyumbe njiani, akafunga kila gurudumu na mkanda wake, akakaza hadi mkanda ukalia ukidonolewa kwa kidole. Kaka alisimama mbali, mikono mifukoni, akihesabu kwa midomo. Mkanda wa nne ulipokazwa akashusha pumzi, na gari nalo likanyooka.

"Unaona?" kaka akasema. "Lilitaka mkono wako."

Dirishani akatokea shemeji, mke wa kaka, ambaye tangu gari hilo liingie nyumbani hakuwa ameinuka kitandani. Alisimama kwa miguu yake mwenyewe. Akamtazama dereva, akaanza kulia.

"Machozi ya furaha hayo," kaka akasema, akapiga mlango wa lori. "Nenda, nenda."

Kwenye mizani ya barabarani askari alichungulia ndani ya lori. "Mwambie mama afunge mkanda."

"Mama gani?"

Askari akacheka. "Mmeshanuniana? Na safari bado mbichi!"

Dereva akageuka. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu, ila mto wake umebonyea.

Siku ya pili, jua la mchana likiwa utosini, ikaingia harufu ya mafuta ya nywele, nzito, ya kukaba koo. Akafungua vioo, haikutoka. Akasimama kukagua mikanda, yote imekaza, akarudi, akakuta kiti chake kina joto kama kimekaliwa, akaondoka hivyo hivyo kwa sababu alitaka kufika, ashushe mzigo, arudi kwa mkewe na watoto wake wawili, na kadiri alivyokanyaga mafuta ndivyo alivyosikia pembeni mtu akihema polepole, kwa raha, kama abiria aliyepata kiti kizuri na hana haraka ya kushuka.

Alikoelekezwa alikuta uwanja wa vumbi na mzee akifua shati.

"Nimemletea mnunuzi gari."

"Mnunuzi? Mimi hata baiskeli inanishinda. Mimi mganga." Mzee akalitazama gari, halafu lori, halafu akaacha shati lizame. "Nani alifunga mikanda?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Ee, kijana wangu." Akashusha sauti. "Huyo jini alikuja na hilo gari, akawa juu ya mke wa kaka yako. Hafukuziki, huhama. Humfuata anayelifunga gari bila kujua. Nilimwambia kaka yako atafute mtu baki, asiyejuana naye. Akasema mgeni atauliza maswali, lakini mdogo wake hajawahi kumwuliza hata moja."

Dereva akapiga simu. Kaka akapokea akitafuna. Nyuma yake shemeji alikuwa anaimba.

"Kaka, ulijua?"

Kutafuna kukakoma. Kuimba nako kukakatika.

"Kaka, mimi nina watoto."

"Unao wawili tu, mdogo wangu," kaka akanong'ona. "Mimi ninao watano." Akakata.

Mzee alikwisha kuingia ndani, na komeo limeshuka; nyuma ya mlango akaita, "Usimtajie jina la mtu wako!" Dereva akapanda lori kwa sababu hakuwa na pengine pa kukaa. Akashika usukani, hakuwasha. Pale kushoto, kwa sauti ya upole, sauti ya mgeni anayejua adabu, aliulizwa:

"Hao wawili wanaitwaje?"

Akauma meno. Simu ikalia: mkewe. Saa hizo humpa kila mtoto aseme, na kila mtoto huanza kwa kujitaja jina, kwa kelele, kana kwamba baba amesahau.

"Pokea," sauti ikasema.

Akaiacha ilie. Ikakatika, ikalia tena.