Mshenga Aliyefukuzwa Kazi

Saa nane mchana, soko la Shinyanga likiwa limefurika hadi pa kuweka mguu hakuna, mwanamume mrefu aliyevaa kandambili na soksi alijipenyeza hadi kwenye kibanda cha Limi, akatoa traksuti ya kijani, akasema, "Mwangaluka."

Limi alicheka hadi akaweka pasi chini. Alimweleza kuwa hiyo ni salamu ya asubuhi, mchana Wasukuma husema mwadila. Kazi yake ilikuwa kubandika majina na namba kwenye jezi, akamuuliza amwandikie nini mgongoni.

"Kocha Msaidizi."

"Kocha tu haitoshi?"

"Kocha yupo. Mimi namsaidia."

Jina lake Donatus, mtu wa Bukoba. Kwa miaka kumi alikuwa amezunguka timu sita, zote nyuma ya bwana mmoja, Kocha Marcel. Ndivyo kazi yao ilivyo: kocha mkuu akiajiriwa huja na watu wake, akifukuzwa huondoka nao. Limi alielezwa hayo yote akiwa ameshapenda, kwa hiyo hayakumwingia. Mwaka mzima, kila jioni baada ya mazoezi, Donatus alipita kibandani akinuka nyasi na dawa ya kuchua misuli, akimwita "nahodha wangu". Naye alimtania kwamba hata chipsi hawezi kuagiza mpaka amuulize bosi. Laiti angeusikiliza utani wake mwenyewe.

Ulipofika wakati wa kuposa, Donatus hakuwa na ndugu Shinyanga, akamwomba Marcel awe mshenga. Siku ikapangwa, Jumamosi, nyumbani kwa kina Limi huko Mhunze. Baba yake alichinja mbuzi, akawaita baba wadogo watatu. Limi alivaa gauni la kitenge cha njano lililomkaa hasa, akakaa chumbani na shangazi yake Suzana, masikio yote mlangoni. Ikafika saa sita, ikafika saa tisa. Simu ya Donatus haikupatikana. Jua lilipozama wazee walikula wenyewe, na baba hakumtazama usoni. Limi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jumatatu Donatus akapiga, akiwa Geita. Marcel alikuwa amefukuzwa Alhamisi baada ya kufungwa mechi ya nne mfululizo, Ijumaa akapata timu huko, wakaondoka. Jumamosi simu ilizimwa kwa sababu ya mechi.

"Nilijua kocha ameshamweleza baba yako," alisema. "Yeye ndiye mshenga, Limi. Nisingeweza kumruka mshenga nikaongea na wakwe."

Na Marcel naye alidhani Donatus ameshamwambia Limi. Limi alilia, akasamehe nusu.

Nusu ile aliiharibu Edson, mtunza vifaa wa timu ya Shinyanga, alipoleta jezi kesho yake. Alisema bila kujua anachosema kwamba viongozi walimbembeleza Donatus abaki, timu iwe yake, naye akakataa kubaki bila bosi wake.

Miezi miwili baadaye Donatus alikuja, saa nane mchana, amekonda, na traksuti mpya nyeusi mkononi.

"Mwadila," alisema, safari hii sawasawa.

Aliomba radhi. Alisema amepanga vyumba viwili Kalangalala, huko Geita, na jiko liko ndani. Limi aligundua kwamba bado anampenda, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Walikuomba uwe kocha mkuu, hapa hapa, ukakataa," alimwambia.

"Kocha amenilea, Limi. Ningemwachaje peke yake?"

"Mimi uliniacha na wazee wanne."

Donatus aliinamisha kichwa. Akasema ataleta barua ya posa upya, hata mwezi huu.

"Ataileta nani?"

Kabla hajajibu, simu iliita mfukoni mwake. Aliitoa, akaitazama, akamtazama Limi. Limi aliomba moyoni aiache iite, mara hii moja tu, na hajawahi kuomba hivyo hata kanisani.

"Ndiyo, kocha," Donatus alisema, akageuka kidogo ili asikie vizuri.

Limi aliwasha pasi. Alibandika herufi moja moja kwa mstari ulionyooka, KOCHA MSAIDIZI, huku akijifuta machozi kwa kiganja. Alipomaliza aliikunja traksuti, akaiweka mbele ya Donatus, akamwita mteja aliyefuata.