Kamba ya Mashujaa Wawili

Kijiko kiligonga ukingo wa sufuria gizani. Mama Berthe alikuwa akikoroga uji kabla jua halijachomoza juu ya Butembo. Sadrack akaruka kitandani. Ilikuwa Jumamosi, na Papa Malachie, mwenye kibanda cha michezo ya video, alikuwa ameleta kutoka Kasindi ule mchezo wa shujaa anayeruka mashimo. Safari hii ulikuwa umetengenezwa upya.

Ule wa zamani Sadrack aliujua kwa moyo. Jenereta ilipokosa mafuta, yeye na wenzake waliuchora chini kwa makaa, wakaruka kwa miguu yao wenyewe. Lakini katika huu mpya mashujaa walikuwa wawili, wamefungwa kamba moja kiunoni.

"Utaenda na Tamar," Mama alisema.

"Mais Mama, hajue hata kushika manette ya kuchezea!"

"Utamufundisha."

Tamar alikuwa na miaka kumi na mmoja. Vita vilikuwa vimemkimbiza kutoka Kasugho, naye sasa aliishi nyumbani kwa kina Sadrack.

Kibandani watoto walicheka. "Sadrack, umekosa mutu, unatuletea mugeni wa pori?"

Sadrack aliona haya. Mchezo ulipoanza, alikimbia na kuruka kama alivyozoea. Tamar alibaki nyuma akitafuta kitufe. Kamba ikakaza, mashujaa wote wawili wakatumbukia shimoni. Mara ya pili, vilevile. Ulibaki uhai mmoja tu.

"Unanivuta!" Sadrack alifoka.

Tamar aliweka manette chini. "Siku ile ya vita pia tulikimbia," alisema polepole. "Waliokuwa mbele hawakugeuka. Ndipo nilimupoteza kaka yangu Élisée." Akainuka aondoke.

Hakuna aliyecheka tena. Sadrack alimshika mkono.

"Unisamehe. Kaa. Kitufe ni hiki, cha kidole gumba. Nikisema hop, turuke pamoja."

Akamrudisha shujaa wake nyuma, hadi aliposimama yule wa Tamar.

"Hop!"

Wakavuka. Kibanda kizima kililipuka kwa shangwe.

Jioni Mama alisikiliza habari yote, kisha akawapakulia ugali na sombe ya majani ya muhogo.

"Kukimbia hata mbuzi anajua, mwanangu," alisema. "Kungoja mwenzako ndiyo kazi ya mutu. Na kesho, baada ya misa, tutauliza watu wa Kasugho waliokimbilia huku kama kuna aliyemuona Élisée."

Tamar alinawa mikono, akamtazama Sadrack.

"Jumamosi ijayo nitatangulia mimi," alisema.