Sinia Lilipompita Bonfils

Jumamosi soko la Mwanga lilifurika, na Bonfils, mwanafunzi wa chuo cha uuguzi cha kanisa, akakanyaga gauni jeupe lililodondoka mezani kwa fundi cherehani. Fundi mwenyewe, Winfrida, futi ya kupimia shingoni, kitenge kimemkaa sawasawa, akamwamuru akalifue. Jumatatu alilirudisha limepigwa pasi mpaka kwenye pindo. Winfrida akacheka, na kijana wa watu akawa kwisha habari yake.

Wakawa wanapigiana simu kila jioni.

“Umekula, daktari wangu?”

“Mimi nesi.”

“Kwangu ni daktari.”

Wanachuo walilazimika kusali katika kanisa ambamo Winfrida aliimba kwaya, na kutoka jukwaani aliona kila kitu. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi sinia la mkate lilipomfikia Bonfils, alilipitisha kwa jirani bila kugusa mkate. Ikawa hivyo miezi mitatu. Pale kanisani asiyeshiriki meza ya Bwana huhesabiwa ana dhambi anayoificha, na dhambi ya kijana mtanashati, walivyojua wanakwaya, huvaa gauni.

Winfrida akaacha kupokea simu. Siku ya tano akapokea. “Huyo mwanamke wako akushonee,” akasema, akakata.

Bonfils alikwenda sokoni moja kwa moja, na sare yake ya mazoezi ya hospitalini. Angeweza kusingizia ugonjwa, mwezi ujao akala mkate, yakaisha. Aliogopa kumpoteza, lakini kusema uongo kulimshinda.

“Hakuna mwanamke, Winfrida. Mimi siamini Mungu. Chuoni nilifuata uuguzi tu. Nyimbo naimba, heshima naweka, ila mkate ule nikiula nitakuwa nakudanganya wewe.”

Winfrida alilia waziwazi. “Bora angekuwa mwanamke,” alisema. “Ningejua pa kumkuta.”

Wiki tatu hawakuongea. Bonfils alikonda.

Jumapili ya kwanza ya mwezi, Winfrida alishuka jukwaani na joho lake, akaketi kando yake. Kanisa zima liligeuka. Sinia lilipofika alichukua kipande chake, akala, akafumba macho kwa muda mrefu. Bonfils alijua anaombewa yeye, na hakuchukia. Kisha Winfrida akalipitisha sinia mbele ya Bonfils hadi kwa jirani, kwa mkono wake mwenyewe.

“Kukuombea siachi,” alinong’ona.

“Sijakukataza.”

“Na kesho ulete hilo shati. Kifungo cha pili kimelegea, nakiona toka kule juu mwezi wa tatu huu.”